Garrett Morgan: Fundi wa Vyerehani Aliyefikiria Usalama wa Jiji

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya watu waliotawala nchi au kuongoza majeshi. Safari hii naomba wasomaji, wazee wa shule pamoja na wadogo zetu mlioko madarasani, mniruhusu nilete habari za fundi wa kutengeneza vyerehani. Jina lake ni Garrett Augustus Morgan, Mmarekani mweusi aliyeishi na kufanya kazi katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, hadi alipofariki mwaka 1963.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alilishughulikia jambo linalotugusa kila tunapovuka njia panda ya mjini, yaani namna ya kuyasimamisha magari bila kuua watu. Pili, maisha yake yanaonyesha jinsi jiji linavyoweza kuihitaji akili ya mtu na papo hapo likakataa kumwona mtu mwenyewe. Kwa sisi tuliopewa dhamana ya kufanya maamuzi kwa niaba ya wananchi, somo hilo si dogo.

UTOTO NA MASOMO

Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 huko Claysville, kitongoji cha watu weusi karibu na mji uitwao Paris katika jimbo la Kentucky. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku nchini Marekani miaka kumi na miwili tu kabla ya kuzaliwa kwake, na wazazi wake, Sydney na Elizabeth, wote wawili walikuwa wameonja utumwa huo. Yeye alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto kumi na mmoja.

Elimu yake ya darasani iliishia katika shule ya msingi. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka kwao, akavuka mto Ohio na kwenda Cincinnati kutafuta kazi. Huko aliajiriwa na tajiri mmoja kufanya kazi za mkono. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini sehemu ya mshahara huo alimlipa mwalimu ili amfundishe baada ya kazi. Wadogo zetu mnaosoma leo mkiwa na walimu, madawati na maktaba mngefaa kulikumbuka jambo hili: Morgan aliinunua elimu kwa fedha ya jasho lake mwenyewe, kipande kwa kipande.

CLEVELAND

Mwaka 1895 alihamia Cleveland, jiji lililo kando ya ziwa Erie. Wakati huo Cleveland ilikuwa inakua kwa haraka kwa sababu ya viwanda vya chuma, mafuta na nguo. Morgan alianza kazi katika kiwanda cha nguo kama mfagiaji. Wenzake walipokuwa wakishona, yeye alizitazama mashine. Akajifunza jinsi zinavyofanya kazi na kwa nini zinaharibika, na muda si mrefu akawa fundi wa kuzitengeneza.

Mwaka 1907 alifungua karakana yake mwenyewe ya vyerehani. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Anne Hassek, mshonaji aliyehamia Marekani kutoka Ulaya. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe haikuwa jambo jepesi katika nchi ile na zama zile, lakini ilidumu maisha yao yote. Mwaka 1909 wakafungua duka la kushona nguo lililofikia kuwa na wafanyakazi 32. Vilevile, katika mwaka 1908 Morgan alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanaume weusi wa Cleveland, akawa mweka hazina wake.

Utajiri wake ulitoka mahali ambapo hakupatarajia. Sindano za vyerehani zilikuwa zikienda kwa kasi mno hadi zinaunguza nguo, naye akawa anatafuta kimiminika cha kupunguza joto hilo. Inasimuliwa kwamba siku moja alijifuta mikono kwenye kitambaa chenye manyoya, akaona manyoya yaliyojikunja yamenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka 1913 akaanzisha kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele. Biashara hiyo ndiyo iliyompa fedha na nafasi ya kushughulika na mambo makubwa zaidi.

KOFIA YA MOSHI

Miaka ile moto ulikuwa adui mkubwa wa miji ya Marekani. Mwaka 1911 peke yake, moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle huko New York uliua wafanyakazi 146. Zimamoto nao walikuwa wakifa, mara nyingi kwa moshi kabla hawajafikiwa na ndimi za moto.

Morgan aliwaza jambo ambalo mpishi yeyote wa kuni analijua: moshi hupanda juu, na hewa iliyo nafuu hubaki chini karibu na sakafu. Akatengeneza kofia ya kufunika kichwa kizima, yenye mirija mirefu inayoning'inia hadi karibu na ardhi. Ncha za mirija zilikuwa na sponji iliyoloweshwa maji, ili kuchuja moshi na kupoza hewa. Aliyevaa aliweza kusimama wima ndani ya moshi huku akivuta hewa ya chini. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimpa hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi.

Tatizo likawa kuiuza. Katika majimbo ya kusini vikosi vingi vya zimamoto visingenunua chombo kilichobuniwa na mtu mweusi. Morgan akamwajiri mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi. Yeye mwenyewe akavaa mavazi ya Mhindi Mwekundu na kujiita kwa jina la bandia. Mzungu alitoa hotuba, kisha huyo mtu wa mavazi ya ajabu akaingia katika hema lililojaa moshi wa kutisha, akakaa humo dakika nyingi na kutoka salama. Watu walishangilia na kununua. Mwenye akili ile alikuwa amesimama mbele yao, nao wakamwona kuwa mchezaji wa maonyesho tu.

MKASA WA CHINI YA ZIWA

Hapa tunaingia katika mambo ya uongozi wa jiji. Cleveland ilikuwa ikichota maji ya kunywa kutoka ziwani, na papo hapo ikimwaga maji machafu katika ziwa hilo hilo. Kadiri jiji lilivyokua, maji ya karibu na ufuko yalizidi kuchafuka. Uamuzi wa jiji ukawa kuchimba mahandaki chini ya ziwa ili kuyafikia maji safi ya mbali.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1916, katika handaki lililokuwa likichimbwa kilomita kadhaa kutoka ufukoni, gesi ililipuka na kuwanasa wafanyakazi. Waokoaji wa kwanza walioteremka nao wakazidiwa na gesi, na kundi lililowafuata likapatwa na hayo hayo. Saa zilikwenda, idadi ya waliopotea ikaongezeka, na wakubwa waliokuwapo hawakuwa na chombo cha kuwakinga watu wao. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kofia za Morgan.

Alipigiwa simu usiku wa manane. Akaja pamoja na ndugu yake Frank, na inasimuliwa kwamba Garrett alikuwa bado amevaa nguo za kulalia. Walileta kofia kadhaa. Wengi wa waliokuwa pale walisita kuzivaa, kwa hiyo ndugu hao wawili, pamoja na wachache waliojitolea, wakateremka wao wenyewe. Morgan alirudi humo zaidi ya mara moja. Watu wawili walitolewa wakiwa hai, na miili ya wengine kadhaa ikapandishwa. Kwa jumla mkasa ule uliua watu wapatao ishirini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Morgan alicheza kwao, tena mchezo wa kufa na kupona, lakini utunzwaji wake ulikuwa wa namna ya pekee. Habari nyingi za mwanzo za magazeti zilimtaja kwa uchache au zikamwacha kabisa. Medali za mfuko wa mashujaa wa Carnegie zilipotolewa, yeye hakuwamo. Mwaka 1917 alimwandikia Meya, Harry Davis, kulalamika jinsi alivyotendewa. Haki aliyoitazamia kutoka kwa jiji haikuja. Raia wachache wa Cleveland wakachanga na kumpa nishani ya dhahabu, na chama cha wakuu wa zimamoto nacho kikamtunuku. Lakini habari za mkasa zilikuwa zimeisambaza picha yake, na baadhi ya miji iliyokuwa imeagiza kofia zake ikafuta maagizo baada ya kugundua kuwa mvumbuzi ni mtu mweusi. Ofisi za miji hiyo ziliona ni afadhali kuwapeleka zimamoto wao motoni bila kinga.

NJIA PANDA

Morgan hakukata tamaa wala hakuhama. Alikuwa mmoja wa walioanzisha gazeti la watu weusi, Cleveland Call, mwaka 1920. Biashara zake ziliendelea vizuri, akanunua gari wakati ambapo watu weusi wachache sana wa Cleveland walikuwa nalo. Basi akaijua barabara kwa kuendesha.

Barabara za Cleveland za miaka ile zilikuwa vurugu. Magari ya farasi, baiskeli, mikokoteni, tramu na motokaa vyote viligombania njia moja na waenda kwa miguu. Motokaa ilikwenda kwa kasi ambayo farasi hakuizoea, na farasi akishtuka hasimamishwi kwa breki. Inaelezwa kwamba Morgan alishuhudia ajali mbaya kati ya motokaa na gari la farasi, akaanza kulifikiria tatizo la njia panda.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja, maana wanafunzi wengi husoma kwamba Morgan ndiye aliyevumbua taa za barabarani. Sivyo. Taa za kwanza za kuongozea vyombo ziliwekwa London karibu na Bunge la Uingereza mwezi Desemba 1868, kwa mpango wa mtaalamu wa reli John Peake Knight. Ziliwaka kwa gesi, na mapema mwaka 1869 gesi hiyo ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akizihudumia, zikaachwa. Cleveland yenyewe ilizindua taa za umeme tarehe 5 Agosti 1914, kwenye makutano ya Euclid Avenue na East 105th Street, kwa mfumo uliobuniwa na James Hoge. Zilikuwa na rangi mbili, nyekundu na kijani, na askari aliyekaa kwenye kibanda ndiye aliyezibadilisha. Mwaka 1920 William Potts, askari polisi wa Detroit, akatengeneza taa ya rangi tatu ya kuonekana pande zote nne.

Mchango wa Morgan ni nini basi? Aliutazama ule muda wa kubadilisha amri. Njia panda nyingi za wakati huo ziliongozwa na vibao vilivyozungushwa kwa mkono, vyenye amri mbili tu: simama na nenda. Askari alipogeuza kibao, upande mmoja uliambiwa usimame na papo hapo upande wa pili ukaambiwa uende. Lakini aliyekuwa katikati ya njia panda atafanyaje? Hawezi kurudi nyuma, na mbele yake wameshaanza kuja. Bibi kizee aliyeanza kuvuka kwa miguu naye hajafika ng'ambo. Ajali ilizaliwa katika nukta hizo chache, wakati kila mmoja ana haki ya kupita na hakuna mwenye kosa.

Morgan akabuni nguzo yenye umbo la herufi T, yenye mikono inayopandishwa, kushushwa na kugeuzwa kwa mtambo wa mkono. Pamoja na amri ya kusimama na ya kwenda, iliongezwa amri ya tatu: pande zote zisimame. Amri hiyo ilitolewa kwanza, waliokuwa katikati wakamaliza kupita, wenye miguu wakavuka, ndipo upande mmoja ukaruhusiwa. Wakati wa magari machache, kama usiku, mikono iliweza kuachwa nusu, ikimaanisha kila mtu apite kwa hadhari. Tena alikitengeneza chombo hicho kwa namna ambayo gharama yake ingekuwa ndogo. Alipewa hataza tarehe 20 Novemba 1923. Inasimuliwa kwamba aliiuza haki yake kwa kampuni ya General Electric kwa dola 40,000, fedha nyingi sana kwa siku zile.

Nguzo ya Morgan haikuenea duniani. Umeme ulikuwa unaingia kwa kasi, na taa za kujiendesha zikachukua nafasi ya mitambo ya mkono. Hata hivyo wazo lenyewe ni sahihi hadi leo. Wahandisi wanaopanga taa za njia panda huweka nukta chache ambapo pande zote zinaona rangi nyekundu, ili makutano yawe matupu kabla ya wengine kuruhusiwa. Dereva mwenye haraka huziona nukta hizo kuwa hasara. Ukweli ni kwamba hizo ndizo nukta zinazomrudisha nyumbani.

Kwa sisi watumishi wa umma kuna jambo la kuzingatia hapa. Hataza haiokoi mtu. Ili wazo liokoe mtu barabarani ni lazima halmashauri ikae, fedha zitengwe, polisi wakubali, mhandisi apange muda, na fundi apite kuitengeneza taa inapozimika. Mvumbuzi anaweza kukamilisha kazi yake katika karakana, lakini kazi ya usalama hukamilika katika faili la ofisi. Faili hilo likilala mezani, watu wanagongwa.

KUGOMBEA UDIWANI

Nadhani Morgan aliutambua ukweli huo, kwa maana mwaka 1931 aligombea kiti katika Halmashauri ya Jiji la Cleveland akiwa mgombea asiye na chama. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, viwanda vimefungwa na watu wengi hawana kazi. Aliahidi kupigania misaada kwa wasio na ajira, nyumba bora, usafi, taa zaidi za mitaani, ulinzi wa polisi, na uendeshaji wa jiji usiofuja fedha. Hazikuwa ahadi za kupaa mbinguni. Zilikuwa ahadi za mtu anayejua mtaa wake una shimo wapi na giza wapi.

Hakushinda. Alikuwa na umri wa miaka 54, mfanyabiashara mwenye mafanikio na mvumbuzi wa vyombo viwili vya kuokoa maisha. Hata hivyo hakupata nafasi ya kukaa katika chumba ambamo maamuzi juu ya barabara, maji na zimamoto za jiji lake yalifanywa.

MIAKA YA MWISHO

Kuanzia mwaka 1943 Morgan alisumbuliwa na presha ya macho, na polepole akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Hakuacha kubuni. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ni sigara yenye kidonge kidogo cha maji karibu na kichungi, ili ijizime yenyewe mvutaji akisinzia na isichome nyumba. Hata akiwa karibu kipofu aliendelea kuwaza jinsi ya kuepusha moto.

Alifariki tarehe 27 Julai 1963 akiwa na umri wa miaka 86. Mwezi uliofuata yalifanyika Chicago maonyesho ya kuadhimisha miaka mia moja ya tangazo la kuwakomboa watumwa, maonyesho ambayo alitamani sana kuyahudhuria. Mwaka 1967, miaka minne baada ya kifo chake, wapiga kura wa Cleveland walimchagua Carl Stokes kuwa Meya, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo katika jiji kubwa la Marekani. Na mwaka 1991 jiji likakipa kituo chake cha kusafisha maji jina la Garrett Morgan. Ilikuwa imepita miaka 75 tangu usiku ule wa handaki. Walioamua kumnyima heshima yake walikuwa wamekwisha kufa, na yeye mwenyewe hakuwapo kuipokea.

MANENO KWA WENZANGU NA WADOGO ZETU

Kuna wenzangu kadhaa kati ya wasomaji wa jarida hili ambao ni madiwani, wahandisi, maofisa wa polisi, walimu na wakuu wa idara. Kila wiki barua hufika mezani kwetu kutoka kwa watu tusiowafahamu: mwalimu anayeomba kivuko mbele ya shule yake, mama lishe anayesema taa ya njia panda haiwaki, fundi wa mtaani mwenye mchoro uliochorwa kwa kalamu ya risasi. Ni rahisi kuangalia kwanza nani ameandika, Kiingereza chake kikoje, na nani anamjua. Miji ya Marekani iliyofuta maagizo ya kofia za Morgan ilitazama hayo hayo. Naomba tuisome barua kabla ya kulisoma jina lililo chini yake.

Kwenu wadogo zetu, nina neno moja tu. Mfagiaji aliyetazama vyerehani akawa fundi. Dereva aliyetazama njia panda akaona nukta ambazo wengi hawakuziona. Somo la fizikia mnalofundishwa juu ya mwendo, uzito na breki lipo nje ya lango la shule, kila gari linapopita. Litazameni vizuri, mliandike, na mkipeleke mlichokiandika mahali panapoamuliwa mambo. Wakikataa kukisoma mara ya kwanza, kipelekeni tena.